Chapa ya Nani? Mkristo na Alama za Mwilini

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa Kikristo wa Pwani ya Kusini huwauliza walimu na wachungaji wao, ni machache yanayojibiwa upesi kama swali la tatuu. Mwulizaji hajamaliza kusema, mjibuji amekwisha kuifungua Biblia katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 28, akausoma kwa sauti, akaifunga. Kesi imekwisha. Upande wa pili wako vijana wenye jibu fupi kama hilo: mwili ni wangu, ngozi ni yangu, nani wewe unihukumu? Hapo napo kesi imekwisha. Baina ya majibu hayo mawili hakuna aliyefikiri, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Madai yangu katika makala haya ni kwamba majibu yote mawili hayatoshi, na kwamba yote mawili yanakosea mahali pamoja. Swali la Mkristo si kama wino umeingia ngozini au haukuingia. Swali ni kwamba alama hiyo inamtaja nani kuwa bwana wa mwili huo. Tukilishika swali hili barabara, tutaweza kuwatendea haki watu wawili ambao leo hatuwatendei haki: bibi kizee wa Kimakonde aliyechanjwa uso wake kabla hajapata akili za kukubali au kukataa, na kijana wa kidato cha nne anayengoja tu kumaliza mtihani ili ashuke Diani akachorwe.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa magomvi mengi ya dini huanza pale ambapo watu wawili wanatumia neno moja kwa maana mbili.

Kiswahili hakikuwangoja watalii wa Diani ili kipate maneno ya kutajia alama za mwilini. Tunalo neno chale, yaani mikato midogo inayochanjwa katika ngozi kwa ajili ya dawa, kinga au urembo. Tunalo neno tojo, litokanalo na kitenzi toja, ambalo maana yake iko karibu na hiyo. Tunalo pia neno nembo. Leo ukimwuliza mwanafunzi nembo ni nini, atakuonyesha beji ya sare yake, au atakutajia nembo ya taifa yenye simba wawili, ngao na mikuki. Lakini kamusi za zamani hulieleza neno hilo kuwa ni alama ya kabila inayochanjwa mwilini. Nembo ilikaa usoni mwa mtu kabla haijakaa katika barua za serikali. Ilihama kutoka katika nyama ikaenda kwenye karatasi, lakini kazi yake haikubadilika: kumwambia anayetazama kwamba huyu, au kitu hiki, ni cha fulani.

Tazama pia kitenzi chanja. Mama wa Msambweni humpeleka mwanawe hospitalini akachanjwe dhidi ya surua. Mtoto huyo huyo huenda akapelekwa kwa mganga akachanjwe chale kifuani dhidi ya jicho la husuda. Na wazee wetu waliofanya undugu wa damu walisemekana wamechanjiana. Hospitali, uganga na udugu: kitenzi ni kimoja, makusudi ni matatu. Lugha yetu haisemi kwamba kuchanja ni kwema au ni kuovu. Inangoja iambiwe kwanza umechanja kwa ajili ya nini na kwa jina la nani. Naona katika hilo hekima ambayo baadhi ya mahubiri yetu yameikosa.

Neno tatuu lenyewe ni mgeni wa juzi. Asili yake ni lugha za visiwa vya Polinesia katika Bahari ya Pasifiki, na liliingia katika Kiingereza baada ya safari ya James Cook iliyofika Tahiti mwaka 1769. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James ilichapishwa mwaka 1611, miaka 158 kabla ya safari hiyo. Wafasiri wake, basi, hawakuwa na neno tatuu hata kama wangelitaka; waliandika alama tu. Biblia yetu ya Kiswahili ijulikanayo kama Union Version, iliyotoka mwaka 1952, nayo inasema alama. Wafasiri wa Kiingereza cha siku hizi ndio walioingiza neno tatuu katika mstari ule, na mhubiri anayeusoma kwa Kiingereza hudhani kwamba Musa alikuwa akizungumza juu ya vijana wa ufukweni.

Basi Musa alikuwa akizungumza juu ya nini? Mstari wenyewe una makatazo mawili: watu wasiikate miili yao kwa ajili ya mfu, wala wasijiandike alama. Neno la Kiebrania lililotumiwa katika katazo la pili, qa'aqa, linapatikana mara moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania. Mwanaisimu yeyote atakuambia kwamba neno la namna hiyo ni gumu kulitolea maana kamili, kwa sababu hakuna sentensi ya pili ya kulilinganisha nayo. Linalobaki ni muktadha, na muktadha uko wazi. Mistari inayolizunguka inakataza kula damu, kupiga ramli, kunyoa nywele na ndevu kwa namna fulani, na kuwaendea wenye pepo wa utambuzi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, mstari wa 1, inarudia katazo la kujikata na kunyoa kwa ajili ya wafu. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 18, manabii wa Baali wanajikatakata kwa visu mpaka damu ikawachuruzika, ili mungu wao awasikie. Katazo la Walawi, kwa hiyo, limekaa katikati ya desturi za matanga na ibada za miungu mingine. Halikukaa katika mlango wa mapambo.

Hapo ndipo watetezi wa tatuu hupiga makofi. Wataongeza kwamba mstari wa 19 wa sura hiyo hiyo unakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za aina mbili, na mstari wa 27 unakataza kunyoa pembe za ndevu, ilhali mhubiri anayewakemea amesimama mbele yao kidevu laini, shati lake la pamba na poliesta. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini wasiishangilie mno. Sura hiyo hiyo, katika mstari wa 18, inaamuru mtu ampende jirani yake kama nafsi yake, na Yesu aliitaja amri hiyo kuwa ya pili kwa ukuu. Hatuwezi kuitupa sura nzima kwa ajili ya nyuzi za shati, wala hatuwezi kuchagua mstari mmoja tukawapiga nao vijana na kuiacha mingine iliyo pembeni yake. Inatupasa kuuliza kila amri ilikuwa ikilinda nini.

Jibu liko ndani ya sura yenyewe. Karibu kila amri hufungwa kwa Mungu kujitaja kwamba yeye ndiye Bwana wao. Huo ndio mwitikio wa sura nzima. Waisraeli walikatazwa kujichanja kwa ajili ya mfu kwa sababu hawakuwa wa mfu, na walikatazwa alama za miungu ya jirani kwa sababu hawakuwa wa miungu hiyo. Amri ililinda umilikaji. Tangu mwanzo, swali la alama lilikuwa swali la nani mwenyewe.

Sasa tuingie katika Agano Jipya, ambako tafsiri yetu imetufanyia jambo la kuvutia. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia katika sura ya 6, mstari wa 17, anasema anazichukua mwilini mwake alama za Yesu, na Biblia yetu inaziita chapa. Katika Ufunuo, sura ya 13, mnyama anawalazimisha watu watiwe alama katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, na Biblia yetu inaiita hiyo nayo chapa. Msomaji wa Kiswahili anakutana na neno moja mahali pote pawili. Katika Kiyunani ni maneno mawili: Paulo alitumia stigmata, na Ufunuo ukatumia kharagma. Stigmata katika dunia ya Warumi zilikuwa alama walizotiwa watumwa na wahalifu. Paulo, kwa makovu ya viboko na mawe aliyopigwa, anajiita mtumwa mwenye chapa ya bwana wake, na anajivunia.

Wahubiri wengine huichukua chapa ya mnyama, pamoja na hesabu yake ya 666, wakaibandika kwenye kila mkono uliochorwa ua au kipepeo. Wangesoma mbele kidogo. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 7, watumishi wa Mungu wanatiwa muhuri katika vipaji vya nyuso zao, na katika sura ya 14 wameandikwa jina la Mwana-Kondoo na jina la Baba yake. Katika Ufunuo hakuna mtu asiye na alama. Wa mnyama wana alama, na wa Mungu wana alama. Wanachotofautiana ni jina lililoandikwa. Nabii Isaya naye, katika sura ya 44, anamtaja mtu atakayeandika mkononi mwake kwamba yeye ni wa Bwana. Na katika sura ya 49 Mungu mwenyewe anasema amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Ikiwa kuandika juu ya mwili ni najisi kwa asili yake, manabii wasingalichagua mfano huo kuusemea upendo wa Mungu.

Makanisa ya kale ya Afrika yaliyaelewa mambo haya bila kuhitaji mhadhiri wa isimu. Wakristo wa Kikopti wa Misri wana desturi ya kuchora msalaba mdogo katika kifundo cha mkono wa kulia, na watoto wengi huchorwa wangali wadogo. Katika nyanda za juu za Ethiopia, hasa Tigray na Amhara, wako akina mama wa Kanisa la Othodoksi wenye msalaba uliochorwa katika kipaji cha uso. Ethiopia ilipokea Ukristo katika karne ya 4, wakati wa mfalme Ezana, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Johann Ludwig Krapf kutia nanga Mombasa mwaka 1844. Sisemi kwamba Wakristo wa Kwale waige misalaba ya Tigray. Nasema tu kwamba anayetangaza kwamba hakuna Mkristo wa kweli awezaye kuwa na alama mwilini, amewafuta kwa sentensi moja mamilioni ya Waafrika waliomwamini Kristo kabla ya babu zetu.

Karibu nasi zaidi, kusini mwa Tanzania, askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, alikumbana na swali la jando. Kulikuwa na wamishonari waliotaka jando litupwe lote. Lucas na mapadri wenyeji hawakulitupa, wala hawakulipokea kama lilivyo. Walilipepeta: wakaondoa walichoona kinapingana na imani, wakaweka sala na mafundisho ya Kikristo, na vijana wakatahiriwa wakiwa na kasisi wao. Watu wanaweza kubishana juu ya matokeo ya jaribio lile. Lakini njia yake ilikuwa njia ya kuuliza, si njia ya kufunga kitabu.

Kutoka Masasi na ng'ambo ya mto Ruvuma, ndugu msomaji, haitupasi kwenda mbali ili kurudi Kwale, kwani watu wa huko wako nasi. Wamakonde walianza kuja Pwani ya Kenya katika miaka ya 1930, wengi wao kutoka Msumbiji, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na katika mashamba ya miwa ya Ramisi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Wao walibaki, wakichonga vinyago na kulima katika sehemu za Gazi na Msambweni. Wazee wao walikuja na nembo usoni. Ngozi ilichanjwa kwa chuma chenye makali, ikapakwa masizi ya mkaa, na jeraha lilipopona mistari ikabaki na rangi ya buluu iliyokolea. Kwa maana kamili ya neno, hizo ni tatuu.

Fikiria kinaya cha watu hawa. Walikuwa na kitambulisho usoni, lakini hawakuwa na kitambulisho mfukoni. Kila aliyewatazama alijua kwamba wao ni Wamakonde, lakini serikali iliwahesabu kama watu wasio na nchi. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wengi waliozaliwa hapa hapa walipata kadi zao za kwanza wakiwa na mvi.

Sasa, miongoni mwa Wamakonde wako Waislamu na wako Wakristo. Ikiwa bibi mwenye nembo usoni ataingia kanisani siku ya Jumapili akaketi kwenye benchi la mbele, je, ni mchungaji gani atakayemsomea Walawi 19:28? Sidhani kama yupo. Kila mchungaji mwenye akili timamu atasema kwamba bibi huyo alichanjwa na wazee wake, kwamba hakuwa na la kusema, na kwamba Mungu hutazama moyo. Vema. Lakini akisema hivyo, amekwisha kukiri jambo kubwa. Amekiri kwamba wino na kovu si dhambi kwa nafsi zao; kwamba lazima tuulize alama ilipatikanaje, inasema nini, na mwenye nayo anaishije. Kwa nini basi kijana aliyechorwa jina la marehemu mama yake mkononi anyimwe maswali hayo hayo, akakabidhiwa hukumu tu?

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Pwani hatupendi kulitaja. Wako wengi miongoni mwetu, na si wa dini moja, wenye chale kifuani, mgongoni na viungoni, walizochanjwa na mganga ili jini asiwaguse, au mchawi asiwaweze, au biashara ipate baraka. Chale hizo hukaa chini ya shati. Tatuu hukaa mkononi. Mhubiri anaona ya mkononi kwa sababu inaonekana. Lakini tukiyarudia yale tuliyoyaona katika Walawi, ni ipi iliyo karibu zaidi na katazo lile: ua lililochorwa kwa ajili ya urembo, au mkato uliotiwa dawa ili nguvu nyingine isiyo Mungu imlinde mwenye mwili? Siwadharau waganga wanaojua mitishamba, na chale alizochanjwa mtoto mchanga si kosa la mtoto. Lakini kanisa linalonyamazia kinga ya mganga na kukemea kipepeo cha mwanafunzi limechuja mbu na kumeza ngamia.

Hayo nimewaambia wazee. Sasa zamu ya vijana, na nisingependa mshangilie kabla ya kusikiliza.

Jibu lenu kwamba mwili ni wangu si jibu la Kikristo. Linaweza kuwa jibu la sheria, na mtu mzima anaweza kulitumia mbele ya hakimu, lakini Paulo anawaambia Wakorintho katika barua ya kwanza, sura ya 6, kwamba wao si mali yao wenyewe. Walinunuliwa kwa thamani, na miili yao ni hekalu. Anayesema mwili ni wangu amelijibu swali la mwenye mwili, na amejitaja mwenyewe kuwa bwana. Ndiyo sababu nilisema kwamba yeye na mhubiri wanakosea mahali pamoja. Mhubiri amesahau kuuliza alama ni ya nani. Kijana ameuliza na kujibu kwamba ni yake.

Hata hivyo, tuusome mstari huo wa hekalu kwa uaminifu. Paulo hakuwa akizungumza juu ya michoro. Alikuwa akizungumza juu ya zinaa, juu ya watu waliounganisha miili yao na makahaba. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya zilitoa ripoti juu ya biashara ya ngono inayowahusisha watoto katika Pwani yetu, na Diani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa. Ikiwa tunataka kuusoma mstari wa hekalu huku kwetu, na tuusome kwanza mbele ya mtu mzima anayenunua mwili wa mtoto, awe mgeni au mwenyeji, na mbele ya jirani anayeona na kunyamaza. Huko ndiko hekalu linakobomolewa. Msichana mwenye nyota ndogo kifundoni asiwe wa kwanza kusomewa mstari ambao sisi tumeogopa kuwasomea wenye fedha.

Wako wanaopinga tatuu kwa hoja kwamba ni kuiga wageni. Hoja hiyo ni dhaifu, nami sioni jinsi ya kuisimamisha. Suti na tai ni kuiga, na kinanda cha kanisani ni kuiga. Tena tumekwisha kuona kwamba chale na nembo zilikuwa zetu kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa Diani. Hoja iliyo na uzito ni nyingine: kwamba katika ufuo ambao mambo mengi yana bei, mwili wa kijana nao huanza kupambwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Hapo mchungaji ana haki ya kuuliza, kwa upole, kijana amejipamba kwa ajili ya nani.

Kwa kijana wa Kikristo anayefikiria kuchorwa, ninapendekeza maswali matatu kabla ya sindano. La kwanza: alama hii inasema nini? Fuvu, joka na jina la mpenzi wa mwezi uliopita havisemi jambo moja na msalaba au jina la mzazi. Usiandike juu ya ngozi neno ambalo usingelitamka kwa sauti mbele ya watu wanaokuheshimu. La pili: inasemwa mbele ya nani? Sisi Wakristo wa Kwale tunaishi miongoni mwa majirani ambao wengi wao ni Waislamu, na wanazuoni wao hukataza tatuu ya kudumu ingawa huiruhusu hina ya harusi. Tuna wazazi pia. Paulo aliwafundisha Warumi, katika sura ya 14, kwamba uhuru wangu usiwe kikwazo cha ndugu yangu. Uhuru upo, lakini si kila lililo halali linajenga. La tatu: nitaweza kuibeba mpaka lini? Alama hii itakuwepo siku ya usaili wa kazi, siku ya harusi, na siku mjukuu atakapouliza maana yake. Kuiondoa kwa mionzi ya leza kunawezekana, lakini ni ghali, kunauma, na huenda kovu likabaki. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hukaa mkononi.

Kwa maswali hayo, ushauri wangu kwa mwanafunzi wa miaka 17 ni mmoja: ngoja. Jambo linalostahili kuandikwa mwilini milele litakuwa bado linastahili ukifika miaka 25. Lisilostahili litakuwa limejiondokea lenyewe, bila leza.

Aidha, kupenda mwili ambao Mungu amekupa ni pamoja na kuulinda. Sindano inayopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kusafishwa inaweza kuambukiza homa ya ini ya aina ya B na C, na virusi vya UKIMWI. Na wale wanaodhani kwamba piko ni salama kwa kuwa haidumu, wajue kwamba piko nyeusi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo huweza kuleta malengelenge na makovu. Hina halisi si nyeusi; huacha rangi ya kahawia au wekundu. Walimu wa sayansi wana somo zuri hapa, lenye manufaa zaidi kuliko kiboko.

Nimalizie na walimu wenzangu, kwani ndio wanaokutana na jambo hili asubuhi kabla ya mchungaji kukutana nalo Jumapili. Shule ina haki ya kuwa na kanuni juu ya mavazi, nywele na michoro, na mwanafunzi ana wajibu wa kuzitii. Lakini kanuni ya shule ni kanuni ya shule. Tusiivike joho la sheria ya Mungu ili iogopwe zaidi. Mwanafunzi aliyevunja kanuni na aadhibiwe kwa kuvunja kanuni, faraghani na kwa kiasi. Asisimamishwe gwarideni akunjwe mikono ya shati na kuitwa mtoto wa shetani. Atakayeitwa hivyo mbele ya wenzake huenda akaamini, akaondoka kanisani akiwa na alama ile ile mkononi, na asirudi tena. Hapo tutakuwa tumemlinda na wino na kumpoteza yeye mwenyewe. Chama cha Wakristo shuleni kisimfungie mlango, na mchungaji asimtenge na Meza ya Bwana kwa ajili ya ngozi yake.

Badala yake, chukueni saa moja ya mjadala. Someni Walawi 19 yote, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wala msiruke shati la nyuzi mbili na jirani wa kupendwa. Kisha mwulizeni kila kijana, mwenye alama na asiye nayo, swali moja ambalo sura nzima inaliuliza: wewe ni wa nani? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa maisha yake, ngozi yake haitamhukumu. Na asiyeweza, ngozi yake safi haitamwokoa.